Pesa ya kusomea ubunifu majengo: mtoto wa mkulima wa korosho aitafute wapi, na lini

Kila mwaka mwezi Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu huanza kuita. Namba za Newala, Tandahimba, Nanyumbu, mara moja moja Nachingwea na Ruangwa. Anayepiga mara nyingi ni mjomba wa mtoto, na sisi wa kusini mwa Tanzania tunajua kwa nini ni mjomba: kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayeulizwa mambo mazito. Salamu zikishaisha, hufika kwenye shina la jambo. "Mwanetu amefaulu, anataka kusomea kuchora majengo. Tunauliza, serikali inalipa?"

Ningependa kumjibu kwa neno moja. Lakini serikali inakopesha walio wengi, inawalipia kabisa wachache sana, na fani hii ina gharama ambazo hazionekani kwenye fomu yoyote mpaka mtoto awe amekaa studio wiki tatu. Mimi nimepita humo. Nilizaliwa Newala, nikasomeshwa kwa mkopo na kwa jasho la mama yangu na ndugu zake, na nimeona wenzangu wenye vipaji vikubwa kuliko changu wakirudi nyumbani mwaka wa pili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerudi kwa sababu ya ada. Ndiyo maana naandika.

Tuanze na urefu wa safari. Ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, ni shahada ya miaka mitano. Mwenzake wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyekwenda ualimu anamaliza kwa mitatu, wa uhandisi kwa minne. Kwa hiyo familia inayopanga kumsukuma mtoto "miaka mitatu tu, tutajibana" imepiga hesabu ya fani nyingine. Na huku kwetu hakuna pa kuisomea. Mtwara tuna chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris, lakini ubunifu majengo hakifundishi, hivyo mtoto lazima avuke Rufiji, akapange chumba au apate bweni, akale kwa pesa taslimu kila siku.

Afadhali hivyo kuliko zamani. Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo, alisomea Technion, mjini Haifa, Israel, kwa sababu miaka ile nchini hapakuwa na chuo kinachofundisha fani hii. Chuo Kikuu Ardhi chenyewe kilianza kama Taasisi ya Ardhi, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kikasimama kwa miguu yake mwaka 2007.

Kuna jambo jingine wazazi wengi hawajalitafakari. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne imefutwa katika shule za serikali, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Ni jambo jema sana, limewafikisha mbali watoto ambao wangeishia njiani. Matokeo yake, familia inaweza kumlea mtoto mpaka mlango wa chuo kikuu bila kukutana hata mara moja na neno ada, halafu ikakutana nalo kwa mara ya kwanza likiwa na namba ya tarakimu saba. Mshtuko ule ndio unaowafanya waulize swali la ada peke yake.

Mkopo ni nini, na si nini

Chanzo kikubwa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Watu huizungumzia kana kwamba inatoa furushi moja. Haitoi furushi, inatoa vipande: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Mwanafunzi anaweza kupewa vyote, vingine, au sehemu ya kila kimoja, kulingana na jinsi bodi ilivyopima uhitaji wake. Binti akikwambia "nimepata mkopo", swali linalofuata ni: wa vipande gani, na kwa kiasi gani?

Ada haipiti mikononi mwa mwanafunzi, inakwenda chuoni moja kwa moja. Anachokipokea ni pesa ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu. Kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa siku, bumu la siku 60 ni laki sita. Likiingia, simu ya kijana inapokewa kwa mlio mmoja. Siku ya hamsini, haipatikani kabisa.

Wazee wa kwetu wana hofu moja ninayoiheshimu, kwa maana inatokana na mambo waliyoyaona kwa wakopeshaji wa mitaani. Wanauliza kama mikorosho itachukuliwa mtoto akishindwa kulipa. Haichukuliwi. Mkopo huu hauwekewi rehani ya shamba wala nyumba. Mwombaji anatakiwa kuwa na mdhamini anayetambulika, mwenye kitambulisho cha taifa. Akishahitimu na kuajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka bodi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni linenepe huku ukilipa, ilifutwa mwaka 2021. Ni deni la kweli, lazima lilipwe, lakini si la kuogopwa kama moto.

Uhitaji unapimwa kwa karatasi. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili anahitaji barua ya mfadhili huyo. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, iseme hivyo na itoe namba yake. Nimeona wazazi wakilificha hilo kwa aibu, na aibu hiyo ikamgharimu mtoto. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa. Hapo ndipo kusini tunaumia. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mkunga, akaandikishwa shule kwa jina la utani la bibi yake, cheti cha kidato cha nne kinasema Saidi na cha kuzaliwa, kilichotafutwa juzi, kinasema Saeed. Kwa macho ya mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili.

Mtego mwingine ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Namba atakayoombea mkopo iwe ndiyo aliyoombea chuo. Zikitofautiana, chuo kitamwona na bodi haitamwona, na atafika Dar es Salaam na sanduku lake akikuta jina halimo.

Ufadhili, yaani pesa isiyorudishwa

Huku ni kwa wachache, na nitapita haraka ili nisiwape watu matumaini ya bure. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, huwachukua waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Mwenye alama za juu kabisa asome orodha ya programu zinazofadhiliwa katika mwongozo wa mwaka wake kabla ya kujaza chaguo la kwanza la chuo, kwa kuwa kuchagua kozi kwanza na kuuliza baadaye ni kujifungia mlango.

Nje ya nchi, mpango wa ufadhili wa Mastercard Foundation unawalenga hasa vijana wenye uwezo kutoka familia za kipato kidogo, na moja ya vyuo washirika wake ni KNUST cha Kumasi, Ghana, chenye skuli ya ubunifu majengo ya miaka mingi. Kwa shahada ya pili, DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, ina kundi maalumu la waombaji wa fani ya ubunifu majengo, na Aga Khan Foundation imekuwa ikitoa nusu ruzuku na nusu mkopo. Hizo mbili za mwisho ni za aliyekwisha kumaliza ya kwanza. Mtoto aliyetoka kidato cha sita asipoteze pesa ya kifurushi kuzihangaikia. Na anayekuambia utume pesa kwenye namba yake ya simu ili "faili lisogezwe" si mfadhili.

Kuna pia wanaodhani ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inaweza kusomesha. Fedha hizo zinakopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya shughuli za uzalishaji, kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili. Mama akiwa kwenye kikundi cha kubangua korosho anaweza kunufaika, na faida yake ikamfikia mtoto, ila fomu ya ada haina mahali pake pale.

Njaa ya Julai

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawalioni, kwa sababu huko mshahara unaingia kila mwisho wa mwezi.

Huku pesa ina msimu. Mkulima anaokota korosho, anapeleka chama cha msingi, wanapima, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghalani na kusubiri mnada. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani uliingia Mtwara mwaka 2007. Minada huanza Oktoba, na malipo yanafuata kupitia benki. Kwa hiyo Novemba na Desemba mkulima wa Tandahimba ana pesa mfukoni. Kufikia Juni imebaki ya chumvi.

Dirisha la maombi ya mkopo linafunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa kabla chuo hakijafunguliwa. Linaangukia hasa kwenye ukata ule. Na kuomba mkopo kwenyewe kunataka pesa: shilingi 30,000 za ada ya maombi zisizorudishwa, uhakiki wa vyeti RITA, picha, nauli ya kutoka kijijini mpaka penye intaneti, kuskani, kuprinti, mhuri wa serikali ya kijiji, sahihi ya wakili au hakimu. Kila kimoja ni kidogo. Kwa pamoja, mwezi Julai, kwa mama mwenye ekari tatu za mikorosho, si kidogo.

Anapata wapi? Anakwenda kwa mtu wa kangomba. Kwa asiyekuwa wa huku: kangomba ni kuuza korosho nje ya utaratibu rasmi, kwa bei ya kutupwa, mara nyingine zikiwa bado mtini, na mnunuzi huja kuzichukua msimu ukifika. Sheria inakataza na viongozi hukemea kila mwaka. Lakini mama aliyepewa siku kumi za kukamilisha fomu ya mwanawe hasikii makemeo, anasikia siku zinahesabika. Anauza gunia la Novemba kwa pesa ya fomu ya Julai. Huo ndio mkopo ghali kuliko yote katika safari nzima ya mtoto wake, na haumo kwenye takwimu zozote.

Nikimwambia mjomba jambo moja tu kwenye simu, ni hili: pesa ya Julai itengwe Desemba. Mtoto akiwa kidato cha sita, korosho zikilipwa, weka pembeni pesa ya karatasi na anza karatasi zenyewe palepale. Cheti cha kuzaliwa hakisubiri matokeo. Jina lililokosewa linarekebishwa vizuri zaidi Januari kuliko Agosti, foleni ikiwa nchi nzima. Najua Desemba ina mambo yake, ina deni la duka, ina mabati, kwa wengine ina maandalizi ya jando na unyago, na mimi ni wa mwisho kusema mila iachwe, nilichezwa na ninajivunia. Nasema kiasi kidogo kati ya kile kinachokwenda kwenye pilau kifungwe kwenye bahasha.

Studio

Sasa mtoto amepata chuo, amepata mkopo, ada imelipwa, bumu limeingia. Nyumbani wamepumua. Hapo ndipo safari ya fani hii inapoanza kuwa tofauti.

Mwanafunzi wa sheria anahitaji vitabu, na maktaba inavyo. Mwanafunzi wa ubunifu majengo anafundishwa kwa kutengeneza vitu. Studio ndiyo moyo wa kozi, ndiyo yenye uzito mkubwa wa alama, na kila zoezi la studio linataka kitu kinachonunuliwa. Mwaka wa kwanza ni kuchora kwa mkono: karatasi kubwa, penseli za ugumu tofauti, kalamu za wino za unene tofauti, rula ya skeli, rula T. Kisha modeli, yaani mfano mdogo wa jengo: kadibodi nene, mbao nyepesi, gundi, visu na nyembe zinazoisha makali kila siku. Modeli ya kwanza mwalimu anaitazama, anauliza maswali matatu, anasema irudie. Ana haki, ndivyo mtu anavyojifunza. Lakini kurudia ni kununua upya.

Kisha inakuja kompyuta. Programu za kuchorea na kutengeneza picha za majengo zinahitaji laptopu yenye nguvu. Ile ya kuandikia barua inaganda. Kipande cha mkopo kinachoitwa mahitaji maalumu ya kitivo kipo kwa ajili ya mambo kama haya, na ndicho ambacho wazazi hawakijui na wanafunzi wengine hawajui kama wamepangiwa au la. Ukiona mgawanyo wa mkopo, angalia mstari huo kabla ya mistari mingine. Ikiwa hauna kitu, dirisha la rufaa likifunguliwa rufaa yako itaje hilo kwa jina, na mwone afisa mikopo wa chuo mapema, kabla hajazungukwa na watu mia mbili.

Hata ukipangiwa, hakiwezi kubeba laptopu na kila kitu. Na mwisho wa muhula michoro yote inatakiwa iplotiwe, yaani ichapwe kwa mashine kwenye karatasi kubwa za A1, nyingine za rangi, zibandikwe ukutani mbele ya majaji. Kila karatasi ni elfu kadhaa, seti nzima ni karatasi nyingi, na ukikuta kosa baada ya kuploti unaploti tena. Fanya hesabu ya mtu mwenye 10,000 kwa siku. Milo mitatu ya kibandani ikichukua 6,500, nauli na vocha 2,000, imebaki 1,500, na hapo hatujagusa kodi ya chumba. Karatasi moja ya A1 ni akiba ya siku kadhaa. Ndiyo maana wiki ya mawasilisho utawakuta wanafunzi wa fani hii wanakula mara moja kwa siku.

Nilikuwa na rafiki kutoka Lindi Vijijini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, alichora paa la makuti mpaka unasikia upepo. Muhula wa tatu tulianza kazi za kompyuta, hakuwa na yake, alikuwa anasubiri wenzake walale ndipo aazime. Usiku mmoja mwenye laptopu alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kumaliza, na asubuhi rafiki yangu alisimama mbele ya majaji na karatasi mbili kati ya nane. Studio ukifeli huwezi kuikalia sapu, mtihani wa marudio, kirahisi kama somo la mtihani wa saa tatu. Alikeri, yaani alibeba somo hilo kwenda mwaka uliofuata, akalemewa, akadisko, yaani akaondolewa chuoni. Ada yake ilikuwa imelipwa yote.

Kwa hiyo kama uko Mtwara mjini au Lindi na unataka kumsaidia mtoto wa jirani anayesomea fani hii, usimwahidi ada ya miaka mitano. Ahadi kubwa huchoka. Mnunulie laptopu muhula wa kwanza, au lipia ploti za mwisho wa muhula, mara mbili kwa mwaka, kwa tarehe. Mkifanya harambee ya ukoo, msiifanye siku ya kumuaga ili pesa iishie kwenye nguo na godoro. Gawanyeni, nusu ibaki kwa mjomba mpaka wiki ya mawasilisho. Na wewe mwanafunzi, ukiomba, omba kwa karatasi: kitu gani, bei gani, kinahitajika tarehe ngapi, mkopo umebeba kiasi gani. Nimeona wafanyabiashara wa korosho, wagumu kweli, wakitoa pesa mbele ya karatasi ya namna hiyo, na hao hao wakimkwepa kijana aliyesema tu "naomba msaada wa masomo".

Gharama nyingine zinakwepeka kabisa kwa kujua. Autodesk, wenye programu za kuchorea za AutoCAD na Revit, wanawapa wanafunzi leseni bure; Graphisoft wanafanya vivyo hivyo kwa ArchiCAD; Blender ni bure kwa kila mtu. Hakuna sababu ya kumlipa fundi wa kichochoroni akuwekee programu ya wizi yenye virusi vitakavyokula kazi yako usiku wa mwisho. Modeli za hatua za kati zinatengenezwa kwa maboksi ya dukani, na mwalimu mzuri hajali, anatazama nafasi na kivuli.

Na mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wanayaita fildi: fanya angalau mara moja huku nyumbani. Wengi hung'ang'ania ofisi kubwa za Dar es Salaam na kuimaliza pesa ya fildi kwenye chumba na daladala. Ukiwa Mtwara unalala kwa mjomba, unakula ugali wa muhogo na mboga ya nyumbani, na ile pesa inabaki kwa ajili ya muhula unaofuata. Kazi ipo. Halmashauri zinajenga, wakandarasi wapo. Na kuna Mikindani, yenye nyumba za mawe ya matumbawe zilizochoka na boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895. Kuna Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, zikaingia kwenye orodha ya zilizo hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014. Wanafunzi wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuutazama msikiti mkuu wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa. Wewe unakwenda kwa basi. Futi kamba, penseli, daftari, na unarudi chuoni na vipimo vya nyumba ambayo mwalimu wako hajawahi kuipima.

Mtu wa Gando

Mnapojadili kama fani hii ni ya watoto wa wakubwa, mwambieni mtoto habari za Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, Burkina Faso, kisichokuwa na shule wala umeme. Alikwenda Ujerumani mwaka 1985 kwa ufadhili wa kujifunza useremala, siyo ubunifu majengo. Akasoma masomo ya jioni, akapata ufadhili mwingine wa kuingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin, na kabla hajahitimu akachangisha pesa kwa marafiki na kujenga shule ya msingi kijijini kwao. Shule ilikamilika mwaka 2001, kwa matofali ya udongo, wanakijiji wenyewe wakishiriki kazi. Yeye alihitimu mwaka 2004. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wabunifu majengo hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kéré mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mdogo, kila alipoondoka kijijini kurudi shule, alikwenda kuwaaga kina mama nyumba kwa nyumba, nao walimpa senti yao ya mwisho waliyoifunga kwenye nguo. Kwetu hilo halihitaji kufafanuliwa. Pindo la kanga ndiyo benki iliyonifikisha Dar es Salaam mara ya kwanza. Ninachokiona katika habari zake ni mpangilio: ufadhili wa useremala ulimvusha, ufadhili wa pili ulimlipia chuo, michango midogo ilijenga shule. Hakuna chanzo kimoja kilichombeba kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mlango wa nyuma ambao si wa aibu

Useremala wake unanikumbusha jambo. Aliyekosa alama za kuingia shahada, au ambaye familia haiwezi kabisa miaka mitano, anaweza kuanzia stashahada ya ubunifu majengo, MUST kwa mfano, akafanya kazi ya kuchora ofisini, kisha akaendelea. Tangu mwaka 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, kwa programu zilizotajwa tu kwenye mwongozo, kwa hiyo huku tegemea zaidi mfuko wako. Faida yake ni kwamba ukifika shahada unaijua kompyuta, na unaweza kuchora ramani za nyumba ndogo chini ya ofisi ya mtu aliyesajiliwa ukapata pesa ya ploti.

Nasema chini ya mtu aliyesajiliwa kwa sababu kuhitimu hakukufanyi mbunifu majengo mbele ya sheria. Anayesajili ni Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, na kabla ya kukusajili inataka umalize kipindi cha mafunzo ya vitendo chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, kazi zako ziandikwe, kisha ufaulu mtihani wake. Katika kipindi hicho ofisi nyingi zinalipa kidogo, nyingine nauli tu, na mkopo umekwisha kukoma siku ulipovua joho. Mtoto wa mtumishi anakaa kwao Mbezi na kusubiri. Mtoto wa Newala analipa kodi, nyumbani wanauliza mbona umemaliza na hutumi kitu, na anaiacha fani akauze vifaa vya simu. Nimewaona wahitimu watatu wakipotelea hapo, baada ya nchi na ukoo kutumia miaka mitano kuwafikisha. Mjomba, ukipanga hesabu, panga ya miaka saba. Na ukiwa na ofisi yako ya ubunifu, mpokee huyu kijana na umlipe posho inayomwezesha kula.

Sisi watano wa kusini tuliosoma fani hii pamoja tulinunua laptopu moja miaka sita iliyopita kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyekuwa nayo. Masharti ni mawili: aitunze, na akipata yake aikabidhi kwa anayefuata. Iko kwa mtu wa tatu sasa, binti wa Tandahimba, mwaka wa nne. Alinipigia wiki iliyopita kusema betri haikai tena na anachora ikiwa imechomekwa ukutani, umeme ukikatika kazi inapotea. Tumekubaliana tumtumie betri mpya kabla ya mawasilisho ya mwezi ujao.